Mrejesho: Tiketi ya daraja la kwanza kwa mama, Dar es Salaam hadi Toronto

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati wote mlionishauri nilipouliza kama inafaa kumkatia mama, ambaye goti lake lilifanyiwa upasuaji, tiketi ya daraja la kwanza kutoka Dar es Salaam hadi Toronto kupitia Dubai. Nilifuata ushauri wa kuigawa safari: daraja la kawaida hadi Dubai, kisha daraja la biashara katika kipande cha pili kinachokaribia saa 14, kwa kuwa kiti chake nacho hulazwa kikawa kitanda, na tofauti ya bei kati yake na daraja la kwanza ilikuwa kubwa mno. Mama alilala mguu ukiwa juu ya mto, akashuka goti halijavimba. Kiti cha magurudumu, kama mlivyosema, tulikiomba mapema na hatukulipa chochote.

Kilichoshindikana ni kumpandisha daraja kwa pointi (zile ambazo shirika la ndege huwapa wasafiri wake) wakati wa kurudi: nafasi zilikuwa zimejaa, akakaa daraja la kawaida njia nzima, akafika akichechemea, jambo lililoniuma sana. Mwenye mgonjwa wa namna hii alipie daraja la biashara kwenda na kurudi, asitegemee pointi.