Wameshusha giaboksi, wamebadilisha klachi, na sili ya nyuma ya krenki inayovuja wameiacha palepale

Ndugu wanajukwaa,

Gari langu ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A-FE, si otomatiki. Gereji moja hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina, ilishusha giaboksi ya gari hili ili kubadilisha klachi pleti, presha pleti na beringi yake, ikatoa hata flaiwili, lile gurudumu zito ambalo klachi hufungwa juu yake, kuipeleka kusawazishwa uso, kisha ikarudisha kila kitu mahali pake bila kugusa sili ya nyuma ya krenki, yaani mpira wa duara unaozuia oili isivuje pale shafti kuu ya injini (krenki) inapotokeza nyuma. Sasa oili imeifikia klachi pleti mpya. Gari linatetemeka ninapoondoka, klachi inateleza kwenye mlima, na oili inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi.

Hawawezi kusema kwamba hawakuiona. Picha walizonitumia wenyewe kwa simu, wakitaka nione jinsi klachi ya zamani ilivyokwisha, zinaionyesha sili hiyo ikiwa wazi kabisa kwa kuwa flaiwili ilikuwa imeshatolewa: ukingo wake wa chini umeshika tope jeusi la oili lililochanganyika na vumbi la klachi, na mchirizi umeteremka hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Fundi aliyepiga picha hiyo alikuwa amesimama mbele ya sili inayovuja.

Nilipowarudia, jibu lao lilikuwa kwamba niliagiza klachi, sikuagiza sili. Jibu hilo ndilo lililonikasirisha kuliko uvujaji wenyewe. Sili ya nyuma ya krenki haionekani na mwenye gari hata akilala chini ya gari na tochi, kwa sababu imefichwa nyuma ya flaiwili, na flaiwili imefichwa na giaboksi. Anayeiona ni fundi peke yake, tena kwa zile saa chache ambazo giaboksi iko chini. Bei ya sili hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na ufundi wa kushusha na kupandisha giaboksi, kwa hiyo kilichotakiwa ni simu moja tu ya kuniambia kwamba sili imechoka na kuniuliza kama ninunue nyingine. Badala yake, wananitaka nilipe ufundi uleule mara ya pili.

Wakaongeza kwamba gari la zamani lazima livuje, na kwamba niweke oili nzito. Ushauri huu unatolewa kila gereji na unaumiza watu. Sili ya krenki ina mdomo mwembamba wa mpira unaobana shafti kwa msaada wa springi ndogo ya duara, na shafti hiyo huzunguka mara 3,000 kwa dakika gari likiwa barabara kuu. Joto la miaka mingi huukausha mpira ukawa mgumu, mdomo ukapoteza ule unyumbufu wa kuifuata shafti, na oili ikapata upenyo. Oili nzito haiurudishii mpira ulaini wake, ila huchelewa kupanda juu injini inapowashwa ikiwa baridi, na kuchelewa huko huumiza kamshafti (shafti ya juu inayofungua valvu) na beringi. Umri wa gari ni sababu ya kubadilisha sili, na hauwezi kuwa kisingizio cha kuiacha.

Nilipoanza kukagua kazi yao nikakuta pia kwamba walifungua tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini, bila kuniambia, wakairudisha kwa kupaka silikoni nyekundu kuzunguka gasketi yote ya mpira. Gasketi ile hufungwa kavu. Silikoni huwekwa tone dogo tu kwenye pembe, pale vifuniko vya beringi za kamshafti vinapokutana na silinda hedi, na nati zake hukazwa kwa mkazo mdogo sana. Hizi zimekazwa hadi mipira iliyo chini yake imepasuka. Silikoni iliyozidi imetokeza nje kama uzi mnene, na iliyotokeza nje huwa imetokeza na ndani pia. Ile ya ndani hukatika vipandevipande, ikateremka na oili hadi kwenye chujio lililo ndani ya sampu, likaziba, presha ya oili ikashuka na injini ikanoki. Mtu anaweza kupoteza injini nzima kwa sababu ya mkono mzito wa silikoni, ndiyo maana sitaki kuambiwa kwamba hili ni jambo dogo.

Hakuna aliyegusa valvu ya PCV, ile inayovuta gesi zinazokusanyika ndani ya injini na kuzirudisha zikaungue. Ikiziba, presha hupanda ndani na kuisukuma oili itoke popote penye udhaifu, hata kwenye sili mpya. Hukaguliwa kwa kuichomoa na kuitikisa, nayo ikiwa nzima husikika ikigonga. Niliichomoa mwenyewe, haikugonga.

Ninachodai kutoka kwao ni hiki. Giaboksi ishushwe tena kwa gharama yao, iwekwe sili halisi ambayo nitainunua mimi, na igongwe kwa usawa baada ya mdomo wake kupakwa oili, bila bisibisi kuchubua shafti wakati wa kung'oa ya zamani. Klachi pleti iliyolowa oili ibadilishwe, nayo kwa gharama yao, kwa sababu kuisafisha kwa petroli hakuiondoi oili iliyokwisha kuingia ndani. Sampu ifunguliwe, chujio lisafishwe mbele yangu, na tapeti kava ifungwe kwa gasketi mpya. Nimewapelekea madai haya kwa maandishi pamoja na picha zao wenyewe, na wamekataa kusaini kwamba wameyapokea. Aliyewahi kurudishiwa gharama katika kazi ya namna hii anieleze alivyofanya, hasa kama alilazimika kumleta fundi mwingine wa kuthibitisha kosa kabla giaboksi haijaguswa.