Naomba ushauri: jirani aliyenilisha amepooza, watoto wake hawafiki

Habari zenu ndugu zangu.

Mwaka 2019 nilikuwa nabeba mizigo soko la Tandika, siku nyingine narudi geto mikono mitupu. Mama mmoja jirani, muuza vitumbua, alikuwa ananifungia vitano kwenye gazeti alfajiri na kusema, "Mwanangu, utalipa ukipata." Hakuwahi kunidai. Sasa nina genge langu la mboga, maisha yanasogea.

Machi mwaka huu alipata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi. Ana miaka 67. Watoto wake watatu wapo hapa hapa Dar. Nikiwapigia naambiwa "tutakuja", mwezi unaisha. Mke wangu ndiye anamwogesha na kumnyoosha vidole kama tulivyoelekezwa kliniki, kimoja kimoja, huku mama machozi yanamtoka. Juzi alishika kikombe mwenyewe! Siwezi kukata tamaa sasa.

Shida ni kwamba mtoto wa kwanza anapita mtaani akisema tunanyemelea nyumba. Imeniuma sana.

Najua Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inataka mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza atibiwe bure. Nianzie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kwa afisa ustawi wa jamii? Je, niandikishiane na watoto mbele ya mashahidi kwamba sidai chochote? Na aliyewahi kuuguza mgonjwa wa kiharusi, mazoezi ya mguu mlifanyaje?