Wiki ya 37 na barua ya hospitali

Zuhura, Midlands:
Habari za jioni ndugu zangu. Niko hapa Uingereza, nina mimba ya wiki 37 na siku 2. Leo nimepokea barua ya ofisi ya hospitali inayoshughulikia wagonjwa wa kutoka nje. Wanataka BRP yangu, ile kadi ya ukaazi, ndani ya siku 14, la sivyo bili. BRP yangu iliisha tarehe 31 Desemba 2024, sasa nina eVisa tu, viza ya mtandaoni. Nimepiga simu mara nne, inaita mpaka inakatika. Nikitoa ule msimbo wa eVisa wa kuwaonyesha viza yangu, nichague wa kazi, wa nyumba, au ule wa tatu wa mengineyo? Viza ya mume wangu ni ya uhudumu wa afya, hatukulipa IHS, ile ada ya afya ya wenye viza, na wiki hii yuko shifti za usiku. Uchungu ukinishika kabla sijawajibu, nitapokelewa? Begi liko mlangoni tangu Jumapili. Kila nikilitazama moyo unadunda.

Bakari, London:
Pole sana dada. Hapo kwenye IHS ndipo penye shida. Asiyestahili kutibiwa bure hutozwa asilimia 150 ya gharama. Sisi tulilipa pauni 1,035 kwa kila mtu mzima kwa mwaka na 776 kwa kila mtoto, miaka yote kwa mkupuo, ndiyo maana hawatusumbui.

Mama Nuru, Reading:
Bakari, usimtishe mjamzito kwa jambo usilolijua. Viza ya uhudumu wa afya imesamehewa IHS, yeye na mumewe, na aliyesamehewa anatibiwa sawa na aliyelipa.
Zuhura mwanangu, hospitali hairuhusiwi kukukatalia wala kukucheleweshea huduma ya uzazi kwa ajili ya malipo, hata kama ungekuwa wa kudaiwa. Uchungu ukija kila dakika 5 na kukaa dakika nzima, piga simu wodi ya wazazi. Chupa ikipasuka, piga. Mtoto akipunguza kucheza, usingoje kupambazuke, piga saa hiyo hiyo. Mwaka 2011 nilijikalia nyumbani kwa kuogopa barua kama hiyo. Nilipofika njia ilishafunguka sentimita 9, mume wangu kasimama na funguo za gari mkononi, anatetemeka.

Mwanaisha, Cardiff:
MATB1, cheti cha mimba cha kuombea likizo ya uzazi, umeshampa mwajiri wako? Mkunga huitoa kuanzia wiki ya 20. Na ukiugua kwa ajili ya mimba ndani ya wiki 4 za mwisho, likizo ya uzazi inaanza yenyewe, mimi ilinishtukiza.
Kuhusu begi: mtoto wangu wa kwanza nilimzaa Tanga, niliandikiwa glovu, pamba, wembe, uzi wa kitovu, mpira wa kutandika na doti mbili za kanga. Huku hayo yote yapo isipokuwa kanga. Beba kanga. Wa pili walimfunga taulo la hospitali, gumu, jeupe, nikalia peke yangu.

Bakari, London:
Sikumtisha, nilitahadharisha. Lakini jipe moyo dada, mtoto akizaliwa hapa ni Mwingereza.

Otieno, Leeds:
Si kweli, na watu wanaumia kwa kuambiwa hivyo. Tangu 1983 lazima mzazi mmoja awe raia au na ILR, yaani kibali cha kuishi bila kikomo, siku mtoto anapozaliwa. Kuzaliwa kwake kukasajiliwe tu, ndani ya siku 42. Sisi Wakenya angalau tangu Katiba ya 2010 hatuchagui pasi moja. Nyinyi Watanzania mtangoja mpaka lini?

Mwanaisha, Cardiff:
Otieno, hilo usiligusie leo. Nilipochukua pasi ya huku niliipoteza ya kwetu. Nilipokwenda kumzika mama nilipanga foleni ya wageni na viza mkononi, nikimwona kaka yangu ng'ambo ya kioo. Mama ndiye aliyenikanda siku arobaini baada ya kujifungua.

Zuhura, Midlands:
Asanteni sana. Leo nimepiga tena, bado inaita. Usiku tumbo linakaza halafu linaachia, bila mpango. Mama yangu yuko Korogwe, ananiuliza kwa simu nani atanikanda, sina la kumjibu.

Mama Nuru, Reading:
Kukaza na kuachia bila mpango mara nyingi ni maandalizi ya tumbo, lakini yaandike na saa zake. Nitumie anwani pembeni, si hapa. Jumamosi nipo kwako, na kanga mbili za kukufunga na uji wa pilipili manga. Mwambie mama yako hivyo leo, kabla hajalala.