Mbwa mdogo wa kilo nne: ni kitu gani salama cha kumpa atafune?

Mama wa Ipuli, Tabora

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa wenye uzoefu wa kufuga mbwa wadogo. Nina mbwa jike wa kilo nne hivi, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu, ambaye nililetewa kwa treni kutoka Dar es Salaam akiwa bado mtoto. Anapenda kutafuna kuliko hata kula. Ameshamaliza ndala mbili, mguu wa stuli na ukingo wa mkeka, nami nimeona ni heri nimtafutie kitu chake mwenyewe kuliko kumgombeza kila siku kwa jambo aliloumbwa nalo.

Mwezi uliopita ndugu yangu alimletea ule mfupa mweupe wa ngozi, uliofungwa fundo kila upande, unaouzwa kwenye pakiti. Aliutafuna kwa furaha siku mbili. Siku ya tatu jioni nikamsikia akikoroma mlangoni, shingo ameinyoosha, mate yanamchuruzika, na mguu wa mbele anaupitisha mdomoni mara kwa mara. Nilipomfumbua kinywa niliona fundo moja limelowa, limevimba, limekaa nyuma ya ulimi. Nililishika kwa vidole viwili likateleza, nikalishika tena kwa ncha ya khanga, ndipo likatoka. Lilikuwa laini na jeupe kama kipande cha utumbo uliooshwa, na ukubwa wake haukuzidi kokwa ya tende.

Tangu siku hiyo sijampa kitu, naye amerudia stuli. Hapa mjini maduka ya vifaa vya mbwa ni ya kutafuta kwa tochi, na wauza nyama wananishauri nichukue kwato au mifupa ya supu. Je, kipi kati ya hivyo ni salama kwa mbwa wa kimo hiki?

Mfugaji wa Ng'ambo, Tabora

Pole sana, Mama. Kuhusu kwato nakusihi usijaribu, kwa maana mimi nilijaribu. Kwato kavu ya ng'ombe haimnasi mbwa kooni kwa urahisi, na ndiyo sababu watu huisifu, lakini ni ngumu kuliko jino. Mbwa wangu alipasua gego kubwa la juu, lile la kukatia nyama, nami sikujua hadi nilipoona anatafuna upande mmoja tu na anakataa kuguswa shavu. Lile gego lilikuwa limeachia kipande bapa kama ganda la yai, na ndani yake kulionekana alama nyekundu. Lilikuja kung'olewa, tena kwa gharama na usumbufu ambao sitausahau.

Kipimo nilichofundishwa baadaye ni chepesi, nacho nakitumia hadi leo: bonyeza kitu kwa ukucha wa kidole gumba. Kama ukucha hauachi hata alama, kitu hicho ni kigumu mno kwa meno ya mbwa. Kwato haipiti, pembe haipiti, mfupa wa paja la ng'ombe haupiti.

Daktari wa mifugo, Kigoma

Mama, ulifanya vyema kuangalia kinywani kwanza, kwa kuwa anayeingiza vidole bila kuona huweza kukisukuma kitu ndani zaidi. Siku nyingine ukiona kitu kimekwama na hakishikiki, na fizi zake zinageuka rangi kuelekea samawati, mnyanyue miguu ya nyuma ili kichwa kielekee chini, kisha umbonyeze kwa nguvu ya kiasi chini ya mbavu kuelekea kifuani. Mbwa wa kilo nne ni mwepesi, unaweza kulifanya hilo ukiwa peke yako, halafu umpeleke kwa daktari hata kama kitu kimetoka.

Kuhusu ule mfupa wa ngozi: ni tabaka la ndani la ngozi ya ng'ombe lililotolewa nywele kwa dawa na kukaushwa. Linapopata mate hurudi kuwa laini na kuvimba, na mbwa mdogo, ambaye hawezi kulikata vipande vidogo, hulimeza kama lilivyo. Likipita kooni, bado laweza kuziba utumbo. Kwa mbwa wa kimo cha wako mimi sishauri kabisa.

Mifupa ya supu ina hatari ya namna mbili. Mfupa uliopikwa hukauka na kuwa mwepesi kupasuka, na hupasuka kwa vijiti vyenye ncha vinavyotoboa umio au utumbo. Ule wa kuku ndio mbaya zaidi. Tena kile kipande cha mviringo chenye uboho katikati huvaa kwenye taya la chini la mbwa mdogo kama pete, na kuna wakati hakitoki mpaka kikatwe kwa msumeno akiwa amelazwa usingizi.

Ukitaka kitu cha machinjioni, sikio la ng'ombe linafaa: litolewe manyoya, lichemshwe hadi liive, kisha lianikwe. Nasisitiza kuchemsha chochote cha machinjioni. Mapafu na maini mabichi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo huwa na malengelenge ya minyoo tegu ya jamii ya Echinococcus, ambayo hukomaa ndani ya utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, na mtu akiyala kwa mikono michafu hupata uvimbe wa ini au mapafu. Mbwa mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili yoyote, na watoto wanaomkumbatia ndio wanaoumia.

Iwapo utaagiza bidhaa ya pakiti kutoka Dar es Salaam, tafuta yenye nembo ya VOHC. Hilo ni baraza la Marekani linalopitia ushahidi wa majaribio na kukubali bidhaa zilizothibitika kupunguza ukoga wa meno. Mbwa mzima ana meno 42, na kwa mbwa wadogo yote hayo yamebanana katika taya fupi, kwa hiyo ukoga huwapata mapema.

Mama wa Nzega

Dada, kwa nini uende mbali ilhali viazi vitamu tunavyo? Mimi mbwa wangu nampa matobolwa. Navichemsha viazi bila chumvi, navimenya, kisha badala ya kukata vipande vya duara kama vya kula nyumbani, navikata kwa urefu, unene wa kidole, na kuvianika juu ya ungo siku mbili au tatu za jua kali. Navitoa vikiwa bado vinapinda bila kuvunjika. Hapo mbwa anavishika kwa miguu ya mbele na kuvivuta kwa meno ya pembeni, na vinamchukua muda mzuri.

Angalizo langu ni kwamba usimpe michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi, kwa sababu huwa migumu kama kigae na huvimba ikipata maji. Na chochote chenye ukungu kitupwe. Msimu wa mahindi na maembe chunga pia magunzi na kokwa, maana mbwa wa jirani yangu alimeza kipande cha gunzi, akakaa siku nne akitapika bila kupata choo, akafa.

Mzee wa Ujiji

Mimi nimefuga mbwa tangu ujana wangu, na hapa Ujiji tunawapa vichwa na miiba ya mgebuka, nao wanaishi. Sioni sababu ya hofu yote hii.

Daktari wa mifugo, Kigoma

Shikamoo, Mzee. Nakubali kwamba wengi huishi, na mbwa wetu wa kienyeji wa kilo kumi na tano ana koo pana na taya lenye nguvu kuliko la huyu wa Ipuli. Lakini miiba ya mgebuka nimeitoa kwenye koo za mbwa mara kadhaa hapa Kigoma, ndiyo maana nasema. Dagaa wakavu wasio na chumvi, walioondolewa mchanga, hao sina shida nao. Ila huliwa mara moja, kwa hiyo ni zawadi tu na hawakidhi haja ya kutafuna.

Ushauri wa Mama wa Nzega naunga mkono, kwa kipimo. Vitu vya ziada visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Mbwa wa kilo nne anahitaji kalori 250 hivi, hivyo kiazi cha gramu 30, ukipima baada ya kuchemsha na kabla ya kuanika, kinatosha. Kipande kiwe kirefu kuliko mdomo wake, uwe karibu anapotafuna, na ukiondoe kabla hakijawa cha kumezeka. Wapo wanaopaka siagi ya karanga. Hiyo ya kusaga hapo sokoni haina neno, lakini ya kopo lililoandikwa kuwa haina sukari isome vizuri, kwani tamutamu iitwayo zailitoli (xylitol) hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na kuharibu ini.

Mama wa Ipuli, Tabora

Nawashukuru nyote. Ni siku ya tisa sasa tangu nianze matobolwa, na stuli imepumzika. Mwanzoni alikuwa akikimbilia chini ya kitanda na kipande chake, akinguruma nikimsogelea, nami nilihofu kwamba atakimaliza huko bila mimi kuona. Sasa kipande kikifikia urefu wa kidole gumba changu namwonyesha dagaa mmoja, naye anakiachia mwenyewe mkononi mwangu.