MREJESHO: Mvumo wa sinthesaiza kwenye noti za juu

Asanteni wakuu mliojibu. Niliuliza kwa nini sinthesaiza ya kompyuta (programu ya kutengeneza sauti za muziki), hapa Kampala, inatoa mvumo mzito wa 100 Hz nikibonyeza noti ya La ya 1,760 Hz (mitetemo kwa sekunde) kwa wimbi la msumeno, yaani lenye umbo la meno ya msumeno. Wengi mlisema ni umeme: wetu ni 50 Hz, na 100 Hz ni mara mbili yake. Lakini hata nikitumia betri na hedifoni, bila umeme wa ukutani, bado upo.

Aliyesema "pindisha noti kidogo" ndiye aliyepatia. Mvumo wa umeme haujali noti. Huu ulihama: noti ikipanda hadi 1,770 Hz, mvumo unaruka hadi 150 Hz.

Hesabu ndiyo hii. Kwa sampuli (vipimo vya wimbi) 44,100 kwa sekunde, kilichozidi nusu yake, 22,050 Hz, hurudi chini kama sauti ya uongo. Wimbi la msumeno lina hamoniki, yaani sauti za juu ambazo ni mara 2, 3, 4 n.k. ya noti; ya 25 ya La hiyo ni 44,000 Hz. 44,100 ukitoa 44,000 ni 100. Kimo cha wimbi lake ni 1/25 ya kile cha noti yenyewe, inasikika vizuri tu.

Kichujio cha mwishoni hakisaidii, uchafu umeshaingia chini. Dawa ni programu ikokotoe wimbi kwa sampuli mara 4 ya kawaida (176,400 kwa sekunde), ichuje kilichozidi 22,050 Hz, ndipo irudishe sampuli kuwa 44,100. Mvumo wa 100 Hz umekwisha, na kilichobaki kina kimo kidogo zaidi. Gharama ni prosesa: kwa bafa (fungu la sampuli zinazoandaliwa kwa pamoja) ya sampuli 64 sauti ilikatika-katika, 256 imetulia. Ucheleweshaji ni kama milisekunde 6, unavumilika.