Chili ya watu 20 kwenye kuni, hela ndogo: maharage magumu na chini kumeungua, nimekosea wapi?

mlezi_wa_kambi
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaojua kupikia nje. Nina kikundi cha vijana natoka nao kambini, na mimi ndo mpishi. Safari iliyopita nikapika chili, ile ya maharage mekundu na nyama ya kusaga, mafiga matatu na kuni. Niliichagua kwa sababu maharage makavu ni rahisi na nyama kidogo inawafikia wote. Nikaweka kila kitu kwenye sufuria kwa mpigo, maharage (nililoweka kama saa moja hivi), nyama, vitunguu, nyanya, pilipili, nikafunika nikachochea moto mkubwa ili iive haraka. Masaa matatu baadaye maharage bado yanagonga meno, chini kumeungua na harufu imepanda mpaka juu. Vijana walikula wamenyamaza tu. Iliniuma sana maana walikuwa wametembea siku nzima. Jumamosi ya wiki ijayo tunatoka tena na hela ni ile ile.

bimkubwa_jikoni
Pole sana. Maharage yako yamegomeshwa na nyanya. Nyanya zina asidi, na maharage yakikutana na asidi kabla hayajalainika yanakaza, utachochea kuni mpaka giza liingie na bado magumu. Chemsha maharage peke yake kwanza, chukua moja libonyeze kwa vidole viwili, likipondeka lote bila kubaki kiini kigumu katikati ndo nyanya ziingie, kabla ya hapo hata kijiko usiweke.

Na saa moja ya kuloweka ni ndogo mno, loweka usiku kucha na tia chumvi kwenye maji hayo ya kulowekea. Najua wengi tumefundishwa kwamba chumvi inakazisha maharage, lakini kwenye maji ya kuloweka inafanya kinyume, inalainisha ganda. Asubuhi mwaga maji yote weka mapya.

Sasa jambo la hatari ambalo nataka ulishike. Maharage mekundu yakiwa mabichi yana sumu yake ya asili, mtu akila yasiyoiva anaweza kutapika na kuharisha ndani ya masaa machache tu. Sumu hiyo inakufa kwenye maji yanayotokota kwelikweli, dakika 10 ndo kima cha chini ila mimi huwa naacha nusu saa ili nisiwe na wasiwasi. Moto hafifu ambao maji yana joto tu lakini hayatokoti hausaidii, unaweza hata kuifanya sumu iwe kali zaidi. Kwa hiyo harage linalogonga meno usimpe mtu, hata kama ana njaa vipi.

fundi_moto
Bimkubwa kamaliza upande wa maharage, mi niongelee moto maana hapo ndo ulipounguza. Umepikia miali mkuu. Maji matupu yanazunguka kwenye sufuria, ya chini yakipata moto yanapanda juu, lakini chili ni nzito haizunguki, ile ya chini inakaa pale pale inapigwa moto mpaka inashika. Kuchemsha maharage kwenye maji miali ni sawa kabisa, ukishachanganya vitu miali basi.

Nnavyofanya mimi nawasha moto sehemu mbili. Mmoja mkubwa pembeni wa kuzalisha makaa, kuni ngumu zilizokauka vizuri, unauwasha saa nzima kabla. Wa pili ndo wa mafiga na chini yake hakuna kuni, unavuta makaa kwa koleo kidogo kidogo kutoka kule. Ukiona chili inarusha matone, makaa yamezidi, punguza. Unatakiwa uone povu moja moja linapanda taratibu linapasuka. Mwiko uwe mrefu na ufike chini kabisa, kila dakika tano pitisha kote mpaka pembeni, usimwachie kazi hiyo mtu mwenye simu mkononi.

Na siku ukisikia harufu ya kuungua USIKWANGUE. Epua hapo hapo, mimina ile ya juu kwenye sufuria nyingine, iliyoshika iache huko huko chini. Kuungua kukiwahiwa chakula kinapona, ukikwangua umechanganya ukoko na chakula chote.

Mengine ya haraka: mawe ya mafiga usiokote mtoni, yanakuwa na maji ndani na yakipata moto yanaweza kupasuka yakarusha vipande. Mbao zenye rangi au zilizowekwa dawa ya kuzuia wadudu usichome kabisa, moshi wake ni sumu. Na kabla hujateleka paka sabuni nje ya sufuria, masizi yatatoka kwa kuoshwa tu.

chungu_cheusi
Niongeze kwenye nyama. Kule Texas, Marekani, chili ndo chakula rasmi cha jimbo tangu 1977 na wengi wao hawataki kabisa kuona harage ndani, kwao ni nyama na pilipili basi. Kwa watu 20 na hela ndogo mi nakaa upande wa maharage bila aibu, ila kwenye nyama wana cha kutufundisha, wengi wanapenda vipande kuliko ya kusaga. Nunua shingo au muundi, zile sehemu zenye mishipa ambazo mara nyingi bei yake iko chini, kata vidogo kama ukubwa wa kidole gumba. Mishipa hiyo ikikaa kwenye moto mdogo masaa mawili matatu inayeyuka inafanya mchuzi uwe mzito wenyewe bila kuongeza kitu.

Kaanga nyama kwanza mpaka ibadilike rangi iwe kahawia, kidogo kidogo, ukijaza sufuria inatoa maji inachemka badala ya kukaangika. Itoe, weka vitunguu, vikishalainika tia kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili kavu ya kusaga moja kwa moja kwenye mafuta, dakika moja tu mpaka harufu ije. Viungo vilivyotupwa kwenye maji havitoi ladha hiyo hata uongeze mara mbili. Halafu rudisha nyama, weka maji, ipike mpaka ilainike, ndo maharage yaliyoiva yaingie na nyanya.

Vipimo vyangu kwa watu 20: maharage makavu kilo 2 (yakiiva yanakuwa kama kilo 5), nyama kilo moja na nusu, vitunguu kilo moja na nusu, nyanya kilo 2, bizari vijiko vya chakula vinne, sufuria ya lita 15 au zaidi. Pilipili anza na kidogo, chumvi malizia mwishoni.

mlezi_wa_kambi
Dah, kumbe nyanya! Asanteni sana. Swali moja, safari hii kambi iko mlimani, juu sana, kuna kitu kinabadilika?

bimkubwa_jikoni
Kinabadilika na umefanya vizuri kuuliza. Kadiri unavyopanda maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, kwenye mita 3,000 ni kama nyuzi 90 badala ya 100. Yatatokota utayaona lakini maharage yatachelewa sana. Yachemshe nyumbani yaive kabisa, yachuje, yatandaze kwenye sinia yapoe haraka, kisha yabebe kwenye boksi la barafu. Na kuni utapunguza pia.

mlezi_wa_kambi
Wakuu nimerudi na mrejesho. Maharage nilichemsha nyumbani, muundi nikaukata usiku, moto mara mbili kama fundi alivyosema. Upepo ulinisumbua, makaa yalikuwa yanaisha upesi upande mmoja ikabidi nipange mawe kukinga, chakula kikachelewa kama dakika 40. Lakini hakuna kilichoshika chini, nimeangalia sufuria mwenyewe wakati wa kuosha. Kuna kijana safari ile aliacha sahani imejaa, juzi kaja mara tatu na ya tatu kaomba mkate apanguse. Nimefurahi jamani. Ilibaki kama lita mbili, nikaiacha kwenye sufuria mpaka asubuhi, nikasita kuwapa nikaimwaga. Niliharibu chakula bure?

bimkubwa_jikoni
Hukuharibu, iliyokaa vuguvugu usiku kucha inamwagwa hata ikinukia vizuri, kuipasha hakuondoi kila kitu. Safari nyingine ikibaki itoe kwenye sufuria ndani ya masaa mawili, igawe kwenye vyombo vifupi na uweke kwenye lile boksi la barafu, asubuhi ichemshe mpaka itokote ndo uwape.

fundi_moto
Safi sana mkuu. Kwa upepo, chimba shimo la kina cha kiganja, makaa yakae humo na mafiga juu yake. Na ukimaliza mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, mpaka uweze kuyagusa kwa mkono.