Kipande cha kurudi Muscat–Unguja hakijatumika na tarehe yake bado, nikifanyie nini?

Mtoto wa Wete

Assalamu alaikum wana jukwaa.

Nina tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi Unguja–Muscat kwa kupitia Doha, shirika moja njia nzima. Kwenda nimeshakwenda. Safari ikakatika kwa msiba nyumbani, nikarudi na shirika jengine kwa tiketi ya upande mmoja. Kipande cha kurudi cha tiketi ya mwanzo bado kipo, kimeandikwa tarehe 28 mwezi huu, saa 00:50.

Tiketi nilikata kwa wakala hapa mjini, nauli ya chini, na imeandikwa hairejeshwi. Nikiiacha ipite napoteza nini? Naweza kuitumia mwakani nikenda tena kuwatazama jamaa? Ndugu yangu aliyeko Muscat anaweza kuja nayo? Na kuna chochote cha kurudishiwa? Bima ya safari nilikata pia, lakini sijui kama hili linaingia.

Kaskazi

Wa alaikumu salaam. Pole kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu.

Kwanza, na hili lifanye kabla ya jengine lolote: hakikisha nafasi yako ya tarehe 28 imefutwa kabla ndege haijaondoka, lakini usiombe kurejeshewa pesa kwa sasa. Hayo ni mambo mawili na watu wanayachanganya kila siku. Bukingi ni kiti chako kwenye ndege fulani siku fulani, inatambulika kwa zile herufi na namba sita. Tiketi ni ile namba ya tarakimu 13, ambayo tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa (157 ni Qatar Airways, 071 Ethiopian, 706 Kenya Airways). Pesa zako ziko ndani ya tiketi, haziko ndani ya bukingi. Ukifuta bukingi, kiti kinarudi kwa shirika na kuponi ya kurudi (kuponi ni kipande cha tiketi cha ndege moja) inabaki wazi pamoja na thamani yake. Ukiomba kurejeshewa, kuponi inafungwa, na ikishafungwa huwezi tena kuitumia kusafiria hata kama ulichorejeshewa ni dola ishirini.

Ukiiacha ipite, mfumo unaandika kwamba abiria hakutokea. Nauli nyengine zinatoza faini ya kutotokea juu ya faini ya kubadilisha tarehe. Nauli za chini kama yako, mara nyingi kipande chote kinakufa na hakuna cha kuzungumza.

Sasa tazama vizuri saa. 00:50 tarehe 28 ni usiku wa kuamkia tarehe 28, saa saba kasoro dakika kumi. Saa za kwenye tiketi ni za mji unaoondokea, na Muscat wako mbele yetu saa moja. Kwa hiyo ndege ikiondoka, huku kwetu bado ni tarehe 27, saa sita kasoro dakika kumi usiku. Ukipanga kwenda kwa wakala asubuhi ya tarehe 28 utakuta ndege imeshafika na kuondoka tena Doha. Pia masharti ya baadhi ya nauli yanataka ufute saa 24 kabla, nyengine hata zaidi. Kwa hiyo usisubiri, nenda wiki hii.

Ukifika kwa wakala mwambie hivi: "Futa nafasi, acha kuponi wazi, usirejeshe." Kisha mwambie akuchapie ukurasa unaoonesha hali ya kila kuponi: za kwenda ziwe zimeandikwa zimetumika, za kurudi ziwe wazi. Kwako wewe kuponi za kurudi ni mbili, Muscat–Doha na Doha–Unguja, na zote mbili lazima ziwe wazi. Usiridhike na kuambiwa kwa mdomo. Na usibonyeze kitufe cha kufuta kwenye tovuti ya shirika kabla ya kusoma kinachofuata, kwa sababu tovuti nyingi zimeunganisha kufuta na kurejesha katika hatua moja.

Hapo hapo muombe masharti kamili ya nauli yako. Ule muhtasari wa mistari miwili kwenye karatasi ya tiketi hautoshi. Kwenye mashine ya wakala masharti yamepangwa kwa vifungu vyenye namba, na vyako ni viwili. Cha 7 ni muda wa juu wa kukaa: kinasema safari ya kurudi lazima ianze ndani ya mwezi mmoja, mitatu, sita au kumi na miwili tangu ulipoondoka Unguja. Cha 16 ni faini za kubadilisha, kufuta na kutotokea. Watu husema tiketi inaishi mwaka mmoja, na ndiyo kanuni ya jumla, lakini nauli ya chini ikiwa na kifungu cha 7 cha miezi mitatu, basi ni miezi mitatu. Suala lako la mwakani linajibiwa na mstari huo tu.

Ndugu yako hawezi kuja nayo. Jina kwenye tiketi halihamishiki. Wewe mwenyewe ukiwa umebadilisha pasi na namba ni mpya, hilo si tatizo, muhimu jina lilingane.

Mizingani

Kaskazi kamaliza la kufuta. Mie nakuja kwenye hesabu.

Nauli ya kwenda na kurudi haigawanyiki nusu kwa nusu. Tiketi ikishatumika upande mmoja, shirika linachukua nauli uliyolipa, linatoa nauli ya upande mmoja kwa ile safari uliyokwenda, linatoa faini, na kinachobaki ndicho chako. Tuseme ulilipa dola 520: nauli 380, kodi na tozo 140. Nauli ya upande mmoja Unguja–Muscat siku uliyokata ilikuwa 310. Unabaki na 70. Faini ikiwa 100, nauli imekwisha yote. Ndiyo maana mtu anaambiwa "huna kitu" na anadhani anadhulumiwa.

Ila kodi ni jambo jengine. Tozo za viwanja zinatozwa kwa abiria anayeondoka au anayepita. Kama hukuondoka Muscat wala hukupita Doha kwa kurudi, tozo za huko hazikutumika, na mashirika mengi huzirejesha hata kwenye nauli isiyorejeshwa, kwa sharti uombe. Hakuna atakayekutafuta. Tozo za kuondokea Unguja hizo ulishazitumia, usizihesabu. Na ukiona YQ au YR kwenye orodha ya kodi, hiyo ni tozo ya shirika lenyewe, imekaa tu kwenye safu ya kodi. Kwa nauli kama yako kwa kawaida haitoki, na mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote. Kwenye mfano wetu, 140 ikiwa na YQ ya 80, na tozo za Unguja 45, cha kudai ni dola 15. Toa na gharama ya huduma ya wakala, uone kama panda shuka ya kutoka Wete, Pemba, ina faida.

Sasa kuitumia. Kipande hiki kinaanzia Muscat na hakiwezi kugeuzwa kianzie Unguja, kwa hiyo lazima ukate tiketi mpya ya upande mmoja ya kwenda. Tuseme hiyo ni 290, faini ya kubadilisha tarehe 100, tofauti ya nauli 40. Jumla 430. Tiketi mpya kabisa ya kwenda na kurudi ni 520. Hapo umeokoa 90, endelea. Lakini mashirika mengi makubwa huuza upande mmoja kwa bei inayokaribia ya kwenda na kurudi. Ukikuta upande mmoja ni 380, hesabu imekufa, bora udai kodi na uachane nayo. Pa kutafutia tiketi ya kwenda ni mashirika ya bei nafuu, kwa sababu hayo huuza kila upande peke yake.

Tofauti ya nauli nayo ina njia. Msimbo wa nauli kwenye tiketi unaanza na herufi, na hiyo ndiyo daraja uliyonunua. Tarehe mpya ikiwa na nafasi kwenye herufi ileile kwa bei ileile, tofauti ni sifuri na unalipa faini tu. Usimpe wakala tarehe akuambie bei. Muulize: "Herufi hii ina nafasi siku zipi za mwezi huo?" Wiki ya kabla ya Idi na likizo za skuli herufi za chini zinajaa mapema.

Na viza. Kama uliingia Oman kwa viza ya kuingia mara moja, imeshatumika, iongeze kwenye hesabu. Faida moja ni kwamba ukikaguliwa wakati wa kwenda, kipande hiki cha kurudi chenye tarehe mpya ndiyo ushahidi wako kwamba utarudi. Kiwe kimeshathibitishwa lakini. Kuponi iliyo wazi bila tarehe haisaidii kaunta.

Kosa moja baya: usije ukasema "siku hiyo nitakuwa Doha, nitapandia hapo." Kuponi hutumika kwa mpangilio. Ukikosa Muscat–Doha, Doha–Unguja inafutwa yenyewe. Ukitaka kuanzia Doha au kushukia Dar badala ya Unguja, tiketi iandikwe upya kabla ya safari.

Mtoto wa Wete

Ahsanteni sana. Nimempigia wakala. Anasema nauli yangu haikubali kufuta na kuacha wazi, ni lazima nichague tarehe mpya palepale. Ni kweli hiyo? Kifungu cha 7 kinasema miezi sita. Halafu msiba wenyewe ni wa ami yangu, ndiye aliyenilea. Nimesikia mashirika husamehe faini kwa msiba.

Kaskazi

Inawezekana ni kweli. Nauli nyengine kifungu cha 16 kinasema mabadiliko lazima yafanywe na tiketi iandikwe upya kabla ya saa ya ndege ya zamani. Mwambie akuoneshe mstari huo. Ukiwepo, chagua tarehe ya mbali ndani ya miezi sita, na hesabu tangu siku uliyotoka Unguja. Usihesabu tangu siku uliyokata tiketi. Usiiweke siku ya mwisho kabisa, bakisha wiki mbili, maana ndege ikifutwa au ratiba ikibadilishwa uwe na pa kusogea. Ulizia pia kama mabadiliko ya mara ya pili yanatozwa tena. Kwa kawaida yanatozwa kila mara, kwa hiyo usiweke tarehe ya kubahatisha mwezi ujao ukalipa mara mbili.

Jambo jengine la kushukuru likitokea: shirika lenyewe likibadilisha sana ratiba ya ndege yako mpya au likiifuta, masharti ya nauli yanawekwa pembeni, na unaweza kuomba tarehe nyengine bila faini. Hapo usikubali haraka ile ndege mbadala waliyokutumia kwenye simu. Ukishabonyeza kukubali, umeridhia.

Tumbe Pwani

Pole sana ndugu yangu. La msiba nitalisema wazi ili usije ukatumai sana.

Baadhi ya mashirika husamehe faini ya kubadilisha kwa kifo cha jamaa wa karibu, lakini orodha yao ni ya wazazi, mume au mke, watoto na ndugu wa kuzaliwa. Wengine wanaongeza babu na bibi. Ami kwa kawaida hayumo, hata awe ndiye aliyekulea. Kama kuna hati ya ulezi ya mahakama, ambatanisha, hiyo ina uzito. Barua ya Sheha inayoeleza ulilelewa naye iambatanishe pia, ila usiitegemee peke yake. Na msamaha wenyewe ni wa faini tu, tofauti ya nauli hubaki palepale.

Cheti cha kifo ni cha Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na kibali cha maziko hakitoshi mahali pake. Kifuatilie mapema, kwa sababu shirika na bima wote wataomba hichohicho. Ushahidi wa udugu ni vyeti vya kuzaliwa: chako kinachoonesha baba yako, na cha baba au cha ami kinachoonesha wazazi wao. Majina yakiwa yameandikwa tofauti kwenye vyeti hivyo, shughulikia kwanza.

Kwenye bima, tafuta sehemu inayohusu kukatishwa kwa safari, kisha tazama maana ya "jamaa wa karibu" waliyoandika wao. Bima nyengine zina orodha pana kuliko ya mashirika, kwa hiyo ami anaweza kuwemo. Watataka cheti, tiketi zote mbili, kadi ya kupandia ndege uliyorudi nayo, risiti ya tiketi mpya, na barua ya shirika inayosema kipande cha zamani kina thamani gani au hakina. Hawalipi mara mbili: wakilipa tiketi uliyorudia, wanaweza kupunguza humo thamani ya kile kipande cha zamani, na ukikibakisha kwa safari ya mbele lazima uwaambie. Kwa hiyo uliza bima kabla hujalipa faini ya tarehe mpya. Lakini usiache tarehe 28 ikapita kwa kuwasubiri. Ile bima ya lazima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024 ni ya wageni wanaoingia Zanzibar, haihusiani na hili, nasema kwa sababu watu huichanganya.

Ukichagua tarehe mpya, tazama na saa ya kufika Unguja. Ndege ya Pemba au boti ya Mkoani ni tiketi ya peke yake, na ndege ya Doha ikichelewa hakuna atakayekufidia upande huo. Chagua inayofika asubuhi, au panga kulala mjini na uvuke kesho yake.